Chungu Hufungwa na Mwenye Nyumba

Mimi nikiwafundisha mabinti kukausha majani ya maharage, jivu silitaji. Wale walioona kwa bibi zao huniuliza, "Mama Ignasi, mbona wewe huweki jivu?" Nawajibu kwamba anayetaka jivu akafundishwe na mwingine. Wanacheka, wanasema uzee umenipanda kichwani. Acha wacheke. Hasira yangu imewazidi umri, na leo nitaieleza. Cornelia yuko makaburini nyuma ya kigango. Salome, mke wa mwanawe, ambaye ndiye angeweza kunikataza, ameniambia kwa kinywa chake: "Sema wewe, mama Ignasi. Mimi mdomo huo sina."

Nianze na mboga, maana bila mboga hamtaelewa kitu.

Kijiji chetu kiko kwenye njia ya kwenda Matai, mahali ambapo upepo wa kiangazi unakata midomo. Mashamba ya mlimani yakikauka, wanawake hushuka bondeni, kwenye unyevu, wakapanda maharage na maboga na kabichi. Majani ya maharage huchumwa machanga, umande ukishakauka. Unayapitisha kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, na yakibadilika rangi tu unayatoa. Ukizubaa umepika uji. Unayakamua, unayafinyanga vidonge vya kiasi cha yai la kuku, unayaanika kwenye ungo kivulini, upepo uyapige. Jua kali hula rangi na utamu. Yakishakauka hata yanalia ukiyagonga, unayapanga kwenye chungu, tabaka la vidonge, tabaka la jivu. Jivu lenyewe ni la mabua ya maharage, limechekechwa, laini kama poda. Mdudu hapiti hapo, wala ukungu. Unafunika kigae, unaziba kwa udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, unakiacha chungu mpaka miezi ya njaa, Desemba na Januari, mboga mpya zikiwa bado vichipukizi.

Siku ya kupika, jivu lile halitupwi. Unakung'utia vidonge kwenye bakuli, unalimwagia jivu maji, unaliacha litulie. Maji ya juu, yale meupe, ndiyo unayopikia, kwa kuwa yanalainisha majani makavu kuliko magadi ya dukani. Kisha karanga za kutwanga, na ugali wa ulezi pembeni. Nani alinunua nyama siku hizo? Sisi tulikula hivyo, tukanenepa.

Na kulikuwa na sheria moja. Chungu cha mboga hufungwa na mwenye nyumba. Mke wa mwana aliyeolewa juzi, ambaye bado hajazaa, huchuma, huchemsha, huanika, lakini mdomo wa chungu hagusi. Akigusa, mboga ile hailiwi. Ukijulikana umeila utasemwa hadi kwenye jumuiya. Kwa nini? Msiniulize mimi. Niliikuta sheria hiyo, na niliiona upumbavu tangu nilipokuwa mke mpya mwenyewe. Lakini ukimaliza kuziba udongo unaukandamiza kwa gumba, na gumba lile ni kama sahihi yako. Watu hutazama kwanza gumba la nani.

Gumba la Cornelia lilijulikana. Lilikuwa na kovu la mundu katikati, likiacha mstari kwenye udongo. Chungu chenye mstari ule kikipelekwa harusini, wanawake walisogea karibu. Mwanamke yule hakuwa na mali wala mume, Mungu alikwisha kumchukua, lakini jina alikuwa nalo, na jina lake lilikuwa mboga.

Sasa enzi zenyewe zilikuwa za ruksa, kila mtu auze atakacho. Duka la ushirika, tulikokuwa tukinunua dawa ya mahindi kwenye pakiti yenye picha ya fuvu, na bwana shamba akituelekeza kwa makelele tunawe mikono, lilikuwa limefungwa, popo wamehamia. Bwana shamba naye alikuwa amepunguzwa kazi. Mjini Sumbawanga, badala yake, kila kitu kilikuwepo: redio, vitenge, sabuni za kunukia, na unga wa kila namna, umemwagwa kwenye gunia, unapimwa kwa kopo la maziwa na kufungwa kwenye nailoni. Mwaka uleule dumuzi akaingia vihengeni mwetu, akala mahindi hadi ikabaki pumba. Kila mwanaume akaenda mjini kununua dawa ya dumuzi. Ukimuuliza muuzaji ni dawa gani, anakwambia ni kali. Basi. Watu wakarudi wamefurahi kwamba ni kali.

Modesti, mwana pekee wa Cornelia, alinunua naye. Ulikuwa unga wa kijivu, haunuki. Ungenuka tungeokoka. Alipomaliza kunyunyizia mahindi yake, uliobaki akautia kwenye kopo la samli, akalisukuma juu ya utaa, pale jikoni juu ya moto panapokaa vitu vya kukauka, ili unyevu usiufikie. Hakumwambia mtu. Mwanaume akiweka kitu jikoni hudhani jiko lina macho litajionea lenyewe.

Jivu la Cornelia nalo lilikuwa kwenye kopo la samli. Nyumba gani haikuwa na makopo ya samli?

Lazima niwataje pia majirani. Masanja na mkewe Kabula walikuwa Wasukuma, walifika na ng'ombe wao kutoka huko kwao, wakajenga ukingoni mwa kijiji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wao kamba yao ilikuwa ng'ombe. Kiangazi kile ng'ombe wa Masanja waliingia bondeni wakafagia bustani ya Cornelia yote, kabichi na maharage na hata ua la matete. Watu walimwambia ashitaki. Cornelia alishuka bondeni akasimama katikati ya kwato, akalia kama mtoto, kisha akapanda upya.

Kabula alimkuta hukohuko. Alikuja peke yake, na jembe begani, na mbolea ya zizini kwenye karai kichwani. Alisema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "sisi mdomo wa kuomba msamaha tunao, lakini nimeona nije na mikono." Akalima naye siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Kwao pia walikausha mboga, waliziita sansa, na wanawake hawa wawili wakawa wanabishana bondeni nani anajua zaidi, kivuli au jua, chumvi au bila chumvi, hadi nikawa naona wivu, maana Cornelia alikuwa rafiki yangu kwanza. Majani yaliyokuja kuanikwa mwaka ule yalitoka katika bustani waliyoilima pamoja. Cornelia alisema mbele yangu kwamba chungu kimoja ni cha Kabula, apende asipende.

Mawingu ya kwanza ya mvua yalipojikusanya, vidonge vilikuwa vimekauka tayari kwa kufungwa. Ikaja habari kutoka Matai kwamba dada yake Cornelia amefariki. Cornelia akafunga mzigo. Kabla hajaondoka alimwambia Salome, "Mwanangu, vidonge viingize ndani. Jivu liko kwenye kopo la samli. Nikirudi nitafunga mwenyewe."

Salome alikuwa binti wa mtaa wa Chanji, mjini, ana miezi michache tu tangu aolewe. Mboga kavu alikuwa anazijua kwa kuziona sokoni. Alikuwa msichana mpole, mwenye bidii ya kuogopa kusemwa, na alikuwa ameanza kubeba mimba ambayo alikuwa hajamwambia mtu. Cornelia alikawia msibani. Mawingu yakashuka hadi kwenye mapaa, hewa ikawa na maji. Salome akapapasa vidonge akaona vinaanza kulegea. Kazi ya miezi, bustani iliyolimwa mara mbili, ingeota ukungu yeye akiwa anatazama. Akaangalia kando ya moto, kopo la jivu halikuwepo. Nilikuwa nimeliazima mimi kwa ajili ya vyungu vyangu. Akatazama juu, akaona kopo la samli juu ya utaa. Akafungua. Unga wa kijivu, laini, umechekechwa vizuri.

Mwenye kufunga chungu hulamba jivu kwanza. Jivu zuri huuma ulimi na kuacha joto. Lakini hilo ni somo la siku ya kwanza ya kufunga, na Salome siku yake ilikuwa haijafika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Cornelia alirudi asubuhi iliyofuata, nami nilikuwa nimekwenda kumpa pole. Tukakuta vyungu vitatu vimepangwa ukutani, vimezibwa, udongo bado mbichi. Salome akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilihofia zitaoza."

Cornelia alivitazama vyungu, akamtazama binti. Alikuwa amechoka kwa kulia huko Matai, na nadhani alikuwa amechoka na sheria pia.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Mama Ignasi, wewe umeona?"

"Mimi macho yangu mabovu siku hizi," nilisema.

Tukacheka. Cornelia akainama, akakandamiza gumba lake kwenye udongo wa chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mstari wa kovu ukakaa. "Basi nimefunga mimi," alisema, na Salome akaibusu mikono yake. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani nimeona wema unavyofanyika.

Watu husema wema hauozi. Husema hivyo kwa kuwa hawajafungua chungu wakauona.

Chungu cha kwanza Cornelia alimpelekea Kabula. Cha pili alimpa mzee Wilibrodi, katekista wetu, aliyekuwa mjane. Cha tatu kikabaki.

Kabula alikaa na chake hadi Desemba. Alifanya alivyofundishwa: alikung'uta vidonge, akalimwagia jivu maji, akaliacha litulie, akapikia maji ya juu. Masanja alikuwa machungani. Kwao chakula kikiwa kidogo mtoto hutangulia, basi Shigela, mwanawe wa miaka minne, alikula akashiba, na mama akafuta chungu kwa kipande cha ugali. Jioni mtoto alianza kutokwa mate na jasho, macho yamekuwa madogo, miguu inatetemeka. Kabula naye alikuwa anatapika akitambaa kumfuata. Waliompakia mtoto kwenye baiskeli kumpeleka zahanati hawakufika mbali. Kabula alipona. Mimi nilimwogesha, na neno alilokuwa akisema ni moja tu, kwamba ni yeye aliyemwambia mtoto aongeze.

Tulimzika Shigela kwenye mvua. Hata kabla udongo haujatulia, maneno yalianza. Ng'ombe walikula bustani ya nani? Mboga ilitoka kwa nani? Mwanamke gani analiwa bustani halafu anatoa zawadi? Watu waliokuwa wakigombea vyungu vya Cornelia harusini walikumbuka ghafla kwamba siku zote walimwona ana jambo. Niliwasikia kwa masikio yangu, wengine wametoka kupokea komunyo.

Kesho yake sungusungu, walinzi wa kijiji, walijaa uani kwa Cornelia, Wasukuma kwa Wafipa, na fimbo. Kabula aliletwa akakalishwa kwenye mkeka, hana nguvu za kukaa. Masanja alikuwa ameshika kigae cha kufunikia, udongo bado umekishikilia, na gumba la Cornelia juu yake. Mwenyekiti wa kijiji, Baltazari, alijaribu kuwanyamazisha watu, akanyamazishwa yeye.

Cornelia alitoka na kanga yake ya kanisani. Hakuwa na woga, alikuwa na hasira. "Chungu kingine ninacho, cha siku ileile, cha bustani ileile," alisema. "Nitakipika mbele yenu na nitakila mimi. Nikianguka, mnizike. Nikisimama, kila mmoja wenu atakuja hapa kuniomba radhi, na nitawajua kwa majina."

Masanja akasema, "Pika."

Tukaingia jikoni, yeye na mimi. Mlango uliachwa wazi ili watu waone. Salome alikuwa akichochea moto, mimba imeanza kuonekana. Modesti alikuwa Sumbawanga na lori la mahindi, hata habari ya msiba ilikuwa haijamfikia. Cornelia alivunja udongo, akatoa vidonge, akavikung'utia kwenye bakuli. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote, alichovya kidole kwenye jivu akalamba.

Akalamba tena, kidogo sana, akatema kwenye moto. Akasukutua mdomo kwa maji, akatema tena.

"Haliumi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni baridi kama unga." Kisha akamgeukia Salome, bado kwa sauti ya chini. "Mwanangu, jivu ulilitoa wapi?"

"Kwenye kopo la samli, mama. Lile la juu."

Cornelia akainua macho. Kopo lilikuwepo juu ya utaa, na jingine lake la zamani lilikuwa chini kando ya moto, nilikwisha kulirudisha. Aliyatazama yote mawili kwa zamu. Mimi ndiye niliyelitambua lile la juu, kwa kuwa mume wangu alikuwa amenunua unga uleule, kwa muuzaji yuleyule, siku ileile.

"Hiyo ni dawa ya dumuzi," nilinong'ona. "Ya Modesti."

Salome alikaa chini pale pale, kwenye kuni.

Nawaambieni, nilichokitaka saa ile ni kutoka nje na kusema yote: Modesti na kopo lake, muuzaji na gunia lake, duka la ushirika na popo wake, sheria yetu ya kijinga inayomficha mtoto somo la kulamba jivu. Cornelia alinishika mkono. Aliponishika nilijua tayari amekwisha kuwaza zaidi yangu. Nje walikuwa wamesimama wanaume wenye fimbo ambao jana yake walimzika mtoto. Wangeambiwa kwamba kosa ni la mke mpya, asiyezaa bado, aliyefunga chungu asichoruhusiwa kukifunga. Kwao lisingekuwa kosa. Lingekuwa kusudi.

"Inuka, mwanangu," alimwambia Salome. "Shika bakuli hili, pitia nyuma ukamwage chooni, kisha unawe hadi viwiko. Ukisikia nasema chochote huko nje, wewe hukuwepo."

"Mama, ni mimi..."

"Hukuwepo."

Alinitazama na mimi. "Na wewe macho yako mabovu, mama Ignasi. Ulisema mwenyewe."

Alitoka. Kitu cha kwanza alichosema hakikumhusu yeye. "Mtu akimbie kwa mzee Wilibrodi sasa hivi. Kama chungu hajafungua, asifungue. Kina dawa ya dumuzi." Kijana mmoja akaondoka mbio. Wilibrodi alikuwa hajafungua. Alikuwa anakitunza kwa ajili ya Pasaka.

Halafu Masanja akauliza, polepole, swali ambalo sote tulikuwa tunalisubiri.

"Nani aliiweka?"

Nilimwona Salome ametokea mlangoni. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji na mdomo wake ulikuwa tayari kusema. Cornelia hakugeuka nyuma. Aliwauliza wanawake waliokuwa wamekaa kwenye ukingo wa ua, wote, kwa sauti ya mtu anayefundisha: "Kinamama, chungu cha mboga kwetu hufungwa na nani?"

Wachache wakajibu, wakaitikiwa na wengine, "Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

"Ni wewe, mama Modesti."

"Na gumba hilo ni la nani?"

Masanja alikitazama kigae mkononi mwake.

"Basi," alisema Cornelia. "Nilichukua kopo siyo. Macho yangu yamezeeka. Baba Shigela, sikumkusudia mwanao. Nilimpenda. Lakini mkono ni huu."

Wakampiga. Sitasema walimpigaje. Baltazari na wazee wawili walimwangukia juu wakamkinga kwa miili yao, vinginevyo pasingekuwa na cha kupelekwa polisi. Kabula alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye mkeka kwamba waache, halafu anapiga kelele kwamba wasiache. Mimi nilimrudisha Salome ndani ya jiko nikamshikilia, mdomo wake nimeuziba kwa kiganja changu, na aliniuma hadi damu. Alama ninayo. Sijutii kumshika; aliyetaka anyamaze alikuwa anavuja damu pale nje kwa ajili hiyo.

Mahakamani mjini Cornelia alirudia maneno yaleyale. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Muuzaji wa unga hakuitwa na mtu yeyote, na soko lilipofunguliwa wiki iliyofuata gunia lake lilikuwa pale pale. Modesti aliporudi na kusikia, alilia, akasema, "Mama amezeeka, angeangalia." Salome alikaa na neno lile tumboni pamoja na mtoto, na mtoto alipotoka neno lilibaki.

Masanja na Kabula walihama na ng'ombe wao, wakateremka bonde la Rukwa. Kabla hawajaondoka Kabula alikuja na kile chungu, amekisugua kwa mchanga hadi kikawa kama kipya, akakiweka mlangoni kwa Cornelia, nyumba ikiwa haina mwenyewe. Nilimwambia akae kidogo. Alikataa. "Mayu alinifundisha mengi," alisema. "Nashindwa kumchukia vizuri, na kumsamehe siwezi. Nifanyeje, mama Ignasi?"

Cornelia alitoka gerezani amekonda, meno machache, mgongo umepinda. Mjukuu wake, Jenifer, alikuwa tayari anakwenda shule. Hakuna aliyemtukana Cornelia njiani. Walimpa shikamoo zao, wakapita. Lakini hakuna aliyekubali hata maji kutoka kwake. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwake, watu walisali, wakasema wana haraka. Yeye mwenyewe alikuwa hagusi sufuria. Alikaa nje, anachambua maharage ya mbegu, na hata hayo akimaliza ananawa mikono kwa sabuni kama daktari.

Nilikuwepo siku ninayoisimulia, kwa kuwa nilikwenda kila siku. Salome alikuwa amekwenda kusaga, na mashine ilikuwa na foleni. Alikuwa ameacha mboga imepikwa jikoni, majani ya maboga kwa karanga, na ugali umefunikwa. Jenifer alirudi kutoka shule analia njaa. Cornelia alisema, "Msubiri mama." Mtoto akasubiri kidogo, akalia tena. Nikasema mimi nitampakulia. Cornelia akaniambia, "Acha," na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliingia jikoni. Alitoka na bakuli na kipande cha ugali. Usoni kulikuwa na kitu ambacho ningekiita furaha. Alimwekea mjukuu wake mbele.

Jenifer hakugusa. Aliangalia bakuli, akamwangalia bibi yake, kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyefundishwa vizuri.

"Bibi, onja kwanza," alisema. "Shuleni wamesema kwako lazima uonje kwanza."

Nilinyanyuka. Nilikuwa na maneno, mengi, yalikuwa yamekaa miaka yote. Cornelia alinitazama vilevile alivyonitazama siku ile jikoni, na nikakaa. Salome alikuwa amesimama kwenye njia ya ua, ndoo ya unga kichwani. Alikuwa amesikia. Unga ulikuwa umemwagika kidogo begani kwake na hakuufuta.

Cornelia alikata tonge, akalichovya kwenye mboga, akala. Alitafuna taratibu kwa yale meno machache, akameza.

"Haya, mama. Kula sasa."

"Fungua mdomo nione," alisema Jenifer.

Cornelia akafungua mdomo. Mtoto akachungulia ndani, huku na huku, akaona hamna kitu. Kisha akavuta bakuli karibu, akanawa, akaanza kula.